Jina Lililofika Nusu

Kahindo mwanangu,

Mama yako wa hapa ameshakuambia yote ya safari. Usishuke kwenye lori mbele ya kizuizi cha askari kama hujaitwa, usipokee chakula cha mtu usiyemjua, sweta uivae mpaka uone watu wa Beni wanakucheka. Mimi sina la kuongeza hapo. Amekufungia viazi vya Musienene utafikiri kule unakokwenda watu hawali, nami sikumwambia kitu, kwa sababu anapofunga mizigo halii.

Karatasi hizi ni za mambo mengine. Nilikuwa nimepanga kuzificha ndani kabisa ya mfuko wako, chini ya gauni la misa, ili uzikute ukiwa umeshafika kwa mama aliyekuzaa, na mimi nikiwa mbali huku Butembo. Niliona ni mpango mzuri. Ukisoma mpaka mwisho utajua kwa nini nimeubadilisha.

Jumapili tulipotoka misa uliniuliza swali. "Papa, kama Mama Kavira alikuwa Beni siku zote, mbona picha yangu haikumufikia?" Nikakujibu vita. Nikakujibu tena masini za wakati ule. Ukasema "ah bon," yaani kumbe ndivyo, ukaanza kunieleza habari ya viatu vyako. Hukuuliza zaidi, kwa sababu mimi nilikuwa nimejibu na wewe umezoea kuniamini. Tangu hapo chakula hakinipandi. Ni kweli vita ilikuwepo, na mashine zetu zilikuwa mbovu. Lakini picha yako ilipotea kwa sababu yangu mimi, kisha nikajua kwamba imepotea, na nilipojua nilinyamaza.

Ngoja nianze pale inapoanzia.

Unaikumbuka cyber yangu ya internet, hapa mtaani Kimemi, ilivyokuwa ulipofika. Antena ile kubwa kama sahani juu ya bati, mashine zetu chache zenye vumbi, na nyuma ya ukuta jenereta inayotikisa hata kalamu mezani. Barabara zilikuwa za askari, leo hawa, kesho wale, lakini wafanyabiashara wetu hawakuacha kuagiza mali Dubai, na oda zao zilipitia kwangu. Mimi ndiye niliyewaonyesha pa kubonyeza. Waliniita Ingénieur, yaani mhandisi. Unajua kwamba shule ya ufundi sikuimaliza, vita ilinikuta darasani na sikurudi tena. Lakini nilivaa shati jeupe, nikaweka kalamu mbili mfukoni, na mtu akiita Ingénieur barabarani niligeuka hata kama alikuwa anamwita mwenzangu. Cheka, nakuruhusu. Mama yako wa hapa amenicheka miaka mingi kwa sababu ya kalamu zile, na moja haikuandika.

Siku hizo malori yalikuwa yanashusha watoto waliopoteza wazazi njiani. Mwalimu Consolata, yule wa kutoka Kasai aliyeletwa kufundisha kwetu na vita ikamfungia hapa, alipewa na parokia kazi ya kuwapiga picha. Kila Jumamosi alikuja cyber na kamera yake. Mimi niliingiza picha kwenye mashine, kila picha faili lake, na faili nikalipa jina la mtoto. Kisha niliziambatisha kwenye barua na kuzituma kwa bureau ya parokia moja ya Beni, kupitia service ya barua tuliyokuwa tunaitumia kwenye internet. Kule Beni kijana anaitwa Kasereka alizitoa kwenye barua, akazichapa, akazibandika ukutani. Chini ya kila picha aliandika jina kama lilivyofika kwenye faili. Wazazi waliokimbia wakaja kutazama. Kazi yote ilikuwa hiyo, ni kazi ndogo, mtu yeyote angeiweza.

Wewe ulishushwa na lori la makaa. Ulikuwa umekumbatia sufuria nyeusi kwa masizi, na hukukubali mtu akupokee. Ulituambia kwamba mama yako alikupa uibebe mlipotoka Mbau mkikimbia, risasi zikalia, watu wakatawanyika, na ulipogeuka ukaona umebaki na sufuria. Mwalimu Consolata alitaka uiweke chini ili apige picha. Ulikataa. Basi ukapigwa picha na sufuria yako. Parokia ilikuwa inatafuta nyumba za kuwapokea watoto, na kabla sijafungua mdomo Mama yako wa hapa alikuwa ameshakushika mkono. Nilisema ni kwa wiki chache tu, mpaka Beni wajibu.

Sasa nisikilize vizuri, kwa sababu hapa ndipo penyewe. Kwetu sisi Wanande jina la mtoto linafuata alivyozaliwa. Msichana akizaliwa nyuma ya wavulana ni Kahindo, na hakuna wa kubishana. Ukiita Kahindo sokoni wanageuka wengi. Sisi wenyewe hatupotezani, kwa kuwa hakuna anayesema Kahindo akaishia hapo. Tunasema Kahindo wa nani, wa wapi. Mwalimu Consolata majina yetu yalimchosha, na kwa kuwa yalimchosha aliyaogopa, na kwa kuwa aliyaogopa alikuwa mwangalifu kuliko mimi niliyezaliwa nayo.

"Ingénieur, andika yote, hein," aliniambia siku hiyo. "Kahindo yenu iko mingi sana. Mimi na nyinyi nitapotea."

"Madame, hapa iko mutu wa kazi," nikamjibu.

Nikaandika: Kahindo Jeanine wa Kavira wa Mbau. Ndiyo wewe. Na siku hiyohiyo kulikuwa na mwenzako, yule mdogo mwenye kichwa kilichonyolewa. Nikaandika: Kahindo Rosette wa Biira wa Oicha. Mwalimu aliinama, akasoma kwenye kioo cha mashine, akaona majina yote yapo, akaniambia asante. Nami nikazituma.

Lakini mimi nilikuwa najua kitu ambacho yeye hakukijua. Wiki zilizotangulia Kasereka alikuwa ameniandikia. Si mara moja. Aliniambia kwamba majina hayamfikii mazima. Alisema ile service, mtu wa upande wa pili akishusha kiambatisho, inachukua neno la kwanza la jina, na ikikuta nafasi inaacha yanayofuata. Akaniomba niunganishe maneno kwa vistari, ili mashine ilione jina lote kama neno moja. Kistari, Kahindo. Kile kidude kiko juu ya kibodi, unakibonyeza kwa kidole kimoja.

Nilisoma barua yake. Nikatazama kioo changu, nikaona majina yangu yamekaa sawa, marefu, mazuri. Nikamwandikia hivi, nakumbuka kila neno: "Kwangu inaonekana sawa. Angalia masini yako."

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilijibu hivyo. Wafanyabiashara walikuwa nyuma yangu wanagongagonga meza, ndiyo. Mafuta ya jenereta yalikuwa yanakwisha, ndiyo. Lakini hayo nayasema tu. Kasereka nilimfundisha mimi kushika mashine, alikaa kwenye kiti hiki kando yangu, na sasa ananiandikia kunionyesha kazi. Ndicho kilichoniuma. Nilikuwa tayari watoto waende na majina nusu kuliko mimi kusahihishwa na kijana wa Beni.

Sikujua kitakachotokea. Hilo ni kweli, lakini silisemi ili unihurumie, kwa sababu kulijua haikuwa vigumu. Mtu wa kwetu, aliyezaliwa kati ya akina Kahindo na akina Kambale, angefikiri dakika moja tu angeona. Faili zenu mbili zilitoka kwangu na majina marefu. Zilipofika Beni zote mbili zilikuwa Kahindo, basi. Kasereka alishusha ya kwanza, ikakaa. Alishusha ya pili, mashine ikamuuliza: tayari kuna Kahindo hapa, niweke hii mahali pake? Jenereta yao ilikuwa inakohoa, akabonyeza ndiyo. Rosette akakaa mahali pako. Wewe ukaondoka kwenye mashine kama mtu ambaye hakupigwa picha kabisa. Kwangu mimi nikafuta zote kama kila Jumamosi, ili nipate nafasi ya oda za watu, na nikabakiza ile ya kwako peke yake, kwa kuwa Mama alipenda kukuona na sufuria yako.

Nimewahi kujiambia kwamba aliyebonyeza ni Kasereka. Nimejiambia hivyo mara nyingi, na kila mara lilinisaidia kwa muda mfupi tu.

Baada ya hapo ukaanza kuniuliza. Kila Jumamosi ulileta chakula changu cyber, ukaweka sahani, ukasimama. "Papa, Beni balijibu?" Nikasema bado. Miezi hiyo ya kwanza nilikuwa nakuambia ukweli. Mama yake Rosette alipokuja kumchukua, parokia nzima iliimba, nami nililia mbele za watu, na watu wakanipa mkono wakisema Ingénieur ndiye aliyefanya. Wewe ulikuwa umesimama mlangoni. Uliniuliza, "Na miye?" Nikakuambia wewe ni wiki ijayo.

Kisha wakaniita Beni. Barabara ilikuwa imetulia kidogo, mashine yao ilikuwa imejaa na haiendi, nikapanda lori kwenda kuisafisha. Unakumbuka nilikuletea kitenge chenye ndege. Joto la kule lilinikuta na shati langu la mikono mirefu, na nikakataa kukunja mikono mbele ya watu. Nikakaa kwenye mashine yao, nikafungua mahali wanapoweka picha ili nifute zisizotakiwa. Kwanza nikatafuta yako. Nilitaka kuona inakaaje pale. Nilitaka, nikuambie wazi, kujisifu moyoni.

Nilikuta Kahindo mmoja. Ni Rosette, na kichwa chake kilichonyolewa.

Hakuna aliyenieleza. Nilielewa palepale, na barua za Kasereka zikanirudia kichwani neno kwa neno. Kasereka alikuwa nyuma yangu anafagia, anazungumza tu, hajui anazungumza na nani.

"Kuko mama moja alikuwa anakuyaka hapa kila siku ya soko," alisema. "Anauliza Kahindo. Naye namuonyesha huyu wa ukuta, nasema mama, Kahindo ya Butembo iko moja tu. Anaangalia, anaangalia, anasema huyu hapana wangu. Siku ingine tena, vilevile. Sasa haonekane tena. Balisema bamefanya matanga ya mutoto."

"Jina yake nani?" nikauliza.

"Kavira. Anafanyaka kazi ku kakao ya watu."

Nikaomba maji. Ndiyo maneno pekee niliyosema, mwanangu. Mama yako alikuwa katika mji uleule, labda nyuma ya nyumba zile nilizoziona dirishani, anapasua kakao ya watu, na nywele zake zimenyolewa kwa ajili yako. Na mimi niliomba maji, nikayanywa, nikamaliza kusafisha mashine, wakanipa chakula, nikala.

Njia yote ya kurudi nilipanga namna ya kusema. Lori lilipopanda huku juu na baridi ikaanza, nilikuwa nimepanga maneno mazuri. Nilipoingia uani wewe na Mama mlikuwa mnapukuchua maharagwe. Ulikimbia ukachukua mfuko wangu. Ukasema, "Papa, uso yako iko namna gani?" Nikasema ni joto la Beni.

Maharagwe hayo yaliliwa, mengine yakapandwa, yakavunwa, nami bado nimenyamaza. Kila Jumamosi uliuliza, "Papa, Beni balijibu?" na mimi nikajibu bado. Neno ni lilelile la mwanzo, lakini sasa lilikuwa uongo, na nilikuwa nakutazama usoni nikilisema.

Mama anasema ni mapenzi. Nilipomwambia juzi, alisema huenda niliogopa nyumba kubaki tupu. Natamani iwe hivyo. Ni kweli nakupenda, wala sikupendi kama mtoto niliyepewa nimtunze. Nakupenda kama mwanangu, na ukikohoa chumba cha pembeni mimi naamka. Lakini jambo la kwanza nililoliwaza pale Beni, kabla yako, kabla ya mama yako, ni kwamba Kimemi watajua. Watasema Ingénieur alimpoteza mtoto wa watu kwa kukataa kubonyeza kistari. Mapenzi yalikuja baadaye kidogo, na nilipoyaona nikayatumia kufunika lile la kwanza. Nakuandikia hivi ili siku moja mtu asikudanganye kwamba nilikuficha kwa sababu ya kukupenda. Usikubali. Mtu anayekupenda hakunyimi mama yako.

Nilikuwa nimeshaitengeneza. Picha yako ya sufuria nilikuwa nayo kwenye mashine, na jina lake nimeliandika upya lote, maneno yameshikana kwa vistari: Kahindo-Jeanine-wa-Kavira-wa-Mbau. Siku nyingine, wateja wakiisha, niliifungua nikaitazama, nikaifunga. Ilikuwa imebaki kutuma tu.

Kisha ikaja Jumamosi ambayo hukuuliza.

Ulileta sahani, ukaiweka. Ukakaa kwenye benchi, ukaanza kumenya karanga zako. Mimi nilikuwa nimeshaandaa bado yangu mdomoni. Nikangoja. Ukamenya. Nikala, nikamaliza, ukachukua sahani, ukaifuta kwa majani kama kawaida yako.

"Hauniulize leo?" nikasema.

"Kuuliza nini, Papa?"

"Mambo ya Beni."

Hukuinua kichwa. "Mama alikufa," ulisema. "Mimi nilishaona. Mutu anabaki muzima, hawezi kukaa kimya vile." Ukaendelea kufuta sahani, ikiwa imeshakauka.

Nilikuwa nimekaa kati ya watu wawili wanaoliliana, na wote wawili ni wazima, na lori linatoka kwa mmoja asubuhi na kumfikia mwingine mchana. Mtu pekee aliyejua ni mimi. Sikuweza tena kukutazama. Nikakuambia nenda kamsaidie Mama, na ulipotoka nikaituma ile picha. Haikuchukua hata muda wa kunywa chai.

Nikamwandikia Kasereka chini yake: "Tafadhali niandikie jina lake kama wewe unavyoliona pale, neno kwa neno." Sikuwahi kumuuliza hivyo. Watoto wote wale niliowatuma, na sikuwahi kumuuliza mtu wa upande wa pili amepokea nini. Alijibu jina zima, na baada ya jina hakuandika kitu. Nafikiri naye alielewa palepale. Kesho yake akaenda mashambani kumtafuta mama yako. Baadaye aliniandikia kwamba mama yako alichukua picha, akaileta karibu na macho, na kabla ya kutaja jina lako alisema, "Hii sufuria ni yangu." Kisha akakaa chini kwenye majani ya kakao.

Ungefikiri basi hapo nilisema. Watu waliponiuliza imekuwaje, nilijibu kwamba hatimaye mashine ya Beni imepona. Nikamsingizia Kasereka, ambaye hayupo na hasikii. Wakafurahi. Mwalimu Consolata akaomba misa ya shukrani, nikaitwa mbele ya altare na shati langu jeupe, wakanipa kuku. Nikampokea. Tulimla Jumapili ile, unakumbuka, wewe ulipata paja na ukamkatia Mama kipande. Nimekula vingi katika maisha yangu, hata vya kuokota wakati wa kukimbia, lakini kuku yule ndiye ninayemwonea haya.

Na mama yako ametuma salamu. Mwalimu Consolata amenieleza kwamba anataka kumwona mtu aliyempata mtoto wake, amshike mkono. Nimejibu kwamba kazi ni nyingi, siwezi kutoka. Wewe mwenyewe unajua antena imeanguka tangu mvua ile ya mawe na cyber imefungwa. Hukusema kitu nilipolisema hilo mbele yako. Naogopa mkono wa mama yako. Ndiyo kazi niliyo nayo.

Mama alipokuwa anaosha viazi nilimweleza yote, kama nilivyokuambia. Aliendelea kuosha mpaka viazi vikaisha. Baadaye sana akaniuliza, "Na Kahindo, umemuambia?"

"Nitamuandikia," nikasema.

"Umuandikie barua iende wapi? Eko chumba ya pembeni."

Basi ndiyo nimeandika, nikiwa nakusikia unaimba ukikunja nguo, ukuta mmoja tu kati yetu. Nimeandika kwa sababu nikiwa mbele yako nitapunguza. Najijua. Nitaanza vizuri, nikifika kwa Kasereka nitasema "kulikuwa na matatizo ya service," na wewe utasema ah bon.

Sina mafundisho ya kukupa. Utakapoishi na mama yako kuna siku atakuwa mgeni kwako, na wewe kwake, na mtaoneana aibu kama watu waliokutana kwenye lori. Hilo nalo limetoka kwangu, kwa hiyo mkikwazana msitafute kosa kati yenu. Na ukishika kazi yoyote, kwa sababu kichwa chako ni kizuri na hutabaki kwenye kakao, usifanye kama mimi niliyetazama kioo changu nikaridhika. Jina lako nililiona zima, na lilikuwa zima kweli, kwangu. Sikumuuliza aliyengoja.

Ndiyo maana nimetoa karatasi hizi chini ya gauni lako la misa. Kukuwekea barua uikute ukiwa umeshafika, mimi nikiwa nyumbani nimekaa, ni kutuma kulekule kwa zamani. Ningejuaje imekufikia vipi? Nitakupa mkononi kabla ya lori kuondoka. Usiruke kurasa. Mama atakaa na wewe ukitaka, na usipotaka atatoka.

Nimekwenda kwa dereva. Anasema juu ya viazi kuna nafasi ya mtu mmoja. Nataka kuja Beni nimwambie mama yako kwa mdomo wangu, na Kasereka akiwepo asikie, kisha mama yako afanye anavyotaka na mkono wake. Lakini yeye ni wako kabla ya kuwa wa mtu mwingine, na siku ya kumwona ni yako. Huenda hutaki niwe pale. Huenda utataka nibaki huku nisionekane tena, na nikikuambia kwamba hilo halitaniumiza nitakuwa nadanganya, lakini nitabaki.

Nitakuwa nimesimama kando ya lori, nimeshika sufuria yako, maana haikuingia kwenye mfuko. Soma mpaka chini. Kisha uje uniambie umesoma nini, kama wewe ulivyosoma. Mimi sitapanda kabla hujanijibu.

Katembo, uliyemwita Papa